Ufunguo wa Lango Uko kwa Nani?

Mtu wa Mkolani ana maji ya aina mbili ya kuyahofia. Ya kwanza yanatoka juu. Mvua ikipiga milima ya mawe ya Mwanza haikuti udongo wa kuinywa. Inaporomoka palepale kupitia makorongo, mitaro na nyua za waliojenga njiani mwake. Ya pili yanapanda polepole kutoka upande wa ziwa, sentimita kwa sentimita, na yakishaingia hukaa miezi. Ya kwanza hayana mwenyewe. Ya pili yana lango, na lango lenyewe liko Jinja, Uganda, upande wa kaskazini wa ziwa, ambako wengi wetu hatujafika.

Ndiyo maana hoja ya mabwawa hapa kwetu haiishi, ingawa hakuna bwawa kubwa unaloweza kuliona ukiwa umesimama kando ya barabara ya Shinyanga. Wapo wanaoamini bwawa ni kinga ya watu, na wapo wanaoamini ni hatari iliyojengewa ukuta. Sauti zinazofuata nimezitunga mimi, lakini hoja zake ni zile ninazozisikia Mkolani, Nyegezi na Buhongwa kila masika. Wako wanne. Mstaafu alifanya kazi kwenye vituo vya umeme wa maji vya Mtera na Kidatu. Mvuvi anatoka upande wa Luchelele. Mama alihama Mabatini kwa sababu ya Mto Mirongo, sasa amepanga Mkolani. Mwanafunzi anasoma chuo kikuu kule Malimbe, lakini kwao ni Rufiji. Panaponilazimu kusema, nitasema kwa sauti yangu.

MAMA: Niacheni nianze, maana kati yenu wote ni mimi niliyewahi kuanika godoro juu ya bati. Mirongo ni kamto. Kiangazi mtoto wa darasa la pili anauruka. Lakini mvua ikipiga saa mbili huko juu, unasikia mawe yanagongana ndani ya maji, na ukichelewa kutoka umekwisha. Kila mwaka tunaambiwa tuhame, tuzibue mitaro, tuchukue tahadhari. Mimi nauliza: mbona hawajengi bwawa kule juu, maji yakashikwa, yakatolewa kidogo kidogo?

MSTAAFU: Umeuliza jambo la msingi, mama. Bwawa halipunguzi hata ndoo moja ya mvua. Linachofanya ni kuyachelewesha maji. Kilele cha mafuriko ambacho kingepita kwa saa mbili na kuvunja nyumba, bwawa linakishika, linakitandaza kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, na mto unapita ndani ya kingo zake. Nimeuona Ruaha Mkuu ukiingia Mtera kwa fujo, maji rangi ya tofali, na kule chini Kidatu yakatoka yakiwa yamepimwa. Anayesema mabwawa ni balaa tupu hajasimama pale wakati wa masika.

MVUVI: Kushika nimeelewa, mzee wangu. Na kama limeshajaa?

MSTAAFU: Likijaa linapitisha kinachokuja. Maji yanatoka kwa malango au kwa utoro.

MVUVI: Basi siku ya mafuriko makubwa ndiyo siku ambayo bwawa halipo.

MSTAAFU: Usilifute kabisa, kijana wangu. Hata lililojaa lina uso mpana, maji yanatanda juu yake kabla ya kutoka, na kilele kinapungua kiasi. Lakini kwa sehemu kubwa umesema kweli. Kinachowakinga watu ni nafasi tupu. Lile tuta la zege na udongo kazi yake ni kuishikilia nafasi hiyo.

Nawakatiza hapa, kwa sababu jambo hili husemwa haraka mno kila bwawa linapozinduliwa. Mabwawa yetu makubwa, tangu Kidatu ilipoanza kutoa umeme mwaka 1975, yamejengwa kwanza kwa ajili ya umeme. Umeme unataka bwawa lililojaa, maana kadiri maji yanavyosimama juu ndivyo yanavyosukuma mitambo kwa nguvu. Kinga ya mafuriko inataka bwawa lenye shimo tupu linalosubiri. Bwawa moja haliwezi kuwa limejaa na tupu kwa wakati mmoja, na kila siku ya masika kuna mtu anayechagua baina ya haya mawili. Taifa hili linaukumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya tisini, wa 2006 na wa 2011, maji ya Mtera yalipopungua mno. Mwendeshaji aliyelelewa na kumbukumbu hiyo huona uchungu kuachia maji. Akiyaachia Machi, kisha mvua za Aprili zikakosekana, ataulizwa Oktoba nchi ikiwa gizani. Akiyabana yote, kisha yakamshinda, waliozama chini ya mto ndio watakaomuuliza. Simlaumu mtu huyo. Ninachosema ni kwamba uamuzi wake ni wa usalama wa umma, na umma haujaambiwa anauamuaje.

MWANAFUNZI: Mimi natoka kwa hao walioko chini ya mto. Bwawa la Julius Nyerere, pale Mto Rufiji, lina ukuta wa mita 131, linabeba mita za ujazo zipatazo bilioni 33, na mitambo yake imekusudiwa kutoa megawati 2,115. Lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Bwawa jipya lina njaa, linameza kila kinachokuja. Wapo kwetu walioamini kwamba mto sasa umefungwa, kwamba mafuriko yamebaki hadithi za wazee. Ikaja mvua ya El Niño ya mwishoni mwa 2023, ikaendelea hadi 2024. Machi na Aprili bwawa limejaa, malango yakafunguliwa. Muhoro, Chumbi, vijiji vya Rufiji na Kibiti, nyumba zikasimama majini na mahindi yakaoza shambani.

MSTAAFU: Serikali ilieleza jambo hilo, mwanangu. Chanzo kilikuwa mvua, na mafuriko Rufiji yalikuwapo kabla ya bwawa. Tena ilielezwa kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Msimu ule mvua na mafuriko viliua watu nchi nzima; mwishoni mwa Aprili Waziri Mkuu alilitajia Bunge vifo 155. Hayo yote si ya bwawa.

MWANAFUNZI: Sibishani na hilo, baba. Inawezekana kabisa kwamba bila bwawa yangekuwa makubwa zaidi; maji yaliyokwisha kushikwa pale yangekuwa yameteremka yote. Ila bibi yangu hajauliza swali hilo. Warufiji wameishi na mafuriko vizazi vingi. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba, watu wanapanda mlao juu ya tope hilo bila kungoja mvua. Shambani wanajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, na maji yakija wanapanda. Hata baada ya Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969, serikali ilipowahamishia watu kwenye miinuko kwa ajili ya mafuriko hayo hayo, waliendelea kuteremka bondeni kulima, kwa kuwa chakula kiko bondeni. Bibi anaujua mto. Alijua kwa rangi ya maji na kwa takataka zinazoelea kwamba zimebaki siku kadhaa. Sasa mto unaamuliwa na mtu aliyeko kwenye chumba cha mitambo, na dalili zake bibi hazioni.

MSTAAFU: Matangazo hutolewa.

MWANAFUNZI: Kumwambia mtu achukue tahadhari hakumpi cha kufanya. Bibi anataka kujua mambo matatu: maji yatafika kimo gani kwenye mwembe wake, yatafika siku gani, yatakaa siku ngapi. Anayefungua lango anaweza kuyajibu yote matatu kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu yeye ndiye anayeyatoa.

Hapo Mstaafu alinyamaza kidogo, nami kama mwandishi nilitaka anyamaze, kwa sababu hoja ya Mwanafunzi ndiyo ninayoiamini. Mto usio na bwawa ukifurika, tunaweza kuiachia mvua. Mto wenye bwawa ukifurika, kuna saa, kuna dakika, kuna mkono. Hata kama mkono huo umefanya sawasawa, umebeba wajibu ambao mvua haikuwa nao.

MVUVI: Basi turudi kwetu. Rufiji mnalalamikia lango lililofunguliwa. Sisi tunalalamikia lango lililofungwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi mialo ikamezwa, vibanda vya dagaa vikawa ndani ya maji, watu wakawa wanafunga mitumbwi kwenye nguzo za nyumba. Na 2024 likarudi tena. Kila mtu mwaloni alisema Waganda wamefunga Jinja wapate umeme. Mzee wangu, wewe ni mtu wa mabwawa. Walifunga au hawakufunga?

MSTAAFU: Nipe kalamu. Kipimo cha Jinja kilisoma mita 12.00 mwanzoni mwa Oktoba 2019. Mwisho wa Aprili 2020 kikasoma 13.32. Mwezi Mei kikafika 13.42, juu ya rekodi ya 13.41 iliyowekwa Mei 1964. Sasa chukua ile mita 1.32 ya miezi saba. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800. Zidisha: unapata karibu mita za ujazo bilioni 91 zilizoongezeka.

MWANAFUNZI: Karibu mabwawa matatu ya Nyerere.

MSTAAFU: Karibu matatu, kwa miezi saba. Sasa tazama upande wa kutoka. Mwaka ule Uganda ilipandisha kiasi cha maji kinachoachiwa hadi mita za ujazo 2,400 kwa sekunde. Ni mto mzima huo, ni maji ya kutisha ukisimama kando yake. Kwa siku ni milioni 207. Ukiyagawa kwenye uso wa ziwa hili, unalishusha milimita 3.

MAMA: Milimita?

MSTAAFU: Milimita 3 kwa siku, mama. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Victoria si ya mito, hata Kagera. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Ikinyesha kwa nguvu isiyo ya kawaida, hakuna lango duniani la kuizuia wala la kuitoa kwa haraka. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kama mita 2.5, na hakuna aliyelifunga. Wazee wa Mwanza wanaikumbuka ile.

MVUVI: Kwa hiyo lango halina neno.

MSTAAFU: Sikusema hivyo. Tufanye hesabu kwa haki. Tuseme lango linatoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kisha tukaliacha wazi hadi 2,400 kwa miezi yote saba. Tofauti ni kama sentimita 37. Badala ya kupanda mita 1.32, ziwa lingepanda chini kidogo ya mita moja.

MVUVI: Sentimita 37, mzee wangu, ndizo zinazotenganisha kizingiti cha mlango na kitanda changu.

MSTAAFU: Kweli. Lakini sentimita hizo ukizitoa hapa zinakwenda kwa mtu. Zinateremka Nile hadi Ziwa Kyoga, na kule nako kuna wavuvi, kuna vibanda, kuna vitanda. Mwaka ule ule watu wa Kyoga walifurikiwa. Ukimwambia Mganda wa Kyoga kwamba lango lifunguliwe zaidi ili Mwanza ipone, atakuuliza yeye ahamie wapi.

Nakiri hesabu hii ilinibadilisha namna ya kulitazama ziwa. Tumezoea kulisema bwawa la Jinja kama bomba: wakifunga tunazama, wakifungua tunakauka. Historia inaonyesha jambo gumu zaidi. Zamani mlango wa ziwa ulikuwa mwamba wa maporomoko ya Ripon, na mwamba huo ndio uliopanga kiasi gani kitoke: ziwa likipanda hutoka mengi, likishuka hutoka machache. Waingereza walipojenga bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa 1954 na sasa linaitwa Nalubaale, mwamba ule ulichimbwa, na kazi yake ikaachiwa malango. Yalikuwapo makubaliano na Misri kwamba malango yatoe kiasi kile kile ambacho mwamba ungetoa kwa kila kina cha ziwa. Kwa maneno mengine mwendeshaji aliapishwa kuwa mwamba.

Mwamba haulipwi mshahara wala haudaiwi umeme. Binadamu anadaiwa. Kituo cha pili, Kiira, kilipoongezwa kando ya Nalubaale kuanzia 2000, mitambo ya kulishwa maji iliongezeka. Ukame ulipokuja, maji yakaendelea kutolewa kuliko kiwango cha makubaliano, na kufikia 2006 ziwa lilikuwa chini kuliko lilivyowahi kuwa kwa miaka 80 hivi. Mtaalamu wa maji Daniel Kull alichambua takwimu mwaka huo akaona kwamba zaidi ya nusu ya kushuka kwa 2004 na 2005 kulitokana na kuachia maji kupita kiasi. Iliyobaki ni ukame. Huku kwetu mitumbwi iliachwa kwenye matope na mabomba ya kuvuta maji yakabaki karibu na hewa.

Kwa hiyo Mvuvi ana haki ya kulitilia shaka lango, ingawa shaka yake ya 2020 ilikosea mwaka. Uamuzi wa Jinja uliligusa tumbo lake 2005 kuliko 2020. Angeyajua haya kama angekuwa anasoma nambari za kila wiki badala ya kusikia uvumi mwaloni.

MAMA: Na hao waliokubaliana na Misri, walituuliza sisi?

MWANAFUNZI: Hapana, mama. Ilikuwa barua kati ya Uingereza na Misri. Kwa sababu kama hiyo Mwalimu Nyerere mwaka 1962, uhuru ukiwa mbichi, aliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa Nile wa 1929. Baadaye ikaja itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria ya 2003 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kamisheni yake iko Kisumu. Ukaja mkataba wa ushirikiano wa Nile uliosainiwa Entebbe 2010, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kuusaini. Umeanza kutumika Oktoba 2024.

MAMA: Mikataba imeanza kutumika. Mimi niliyeko hapa nimeanza kuambiwa nini?

Hakuna aliyemjibu, na sidhani kuna jibu linaloridhisha.

MSTAAFU: Hata hivyo tusiwasahau wanaojipeleka wenyewe majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tazama mwambao wetu. Hoteli, kumbi, nyumba za kupanga, zote zimeliingia ziwa kabla ziwa halijaziingia.

MVUVI: Mita 60 kutoka wapi? Ukingo wa mwaka gani?

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, niruhusuni nilikokotoe. Mahali ambapo ardhi inapanda mita 1 kwa kila mita 50 unazotembea, na mwambao wa namna hiyo tunao, ziwa likipanda mita 1.32 linaingia mita 66 nchi kavu. Mita 60 zote zimemezwa, na maji yamefika kwa aliyetii sheria. Mwenye mwambao wa mawe hatasogea hata hatua mbili. Mstari wa usalama ungepimwa kwa kimo, kutoka kile kina cha 2020 na nyongeza ya tahadhari juu yake, kisha ukawekwa alama kwa vigingi ambavyo kila fundi wa ujenzi anaviona. Kazi hiyo ni ya wapima ardhi wa wiki chache. Ingewakinga watu wengi wa Nyamagana na Ilemela kuliko mabishano yote kuhusu Jinja.

MAMA: Bado hamjanijibu kuhusu Mirongo. Mmezunguka Uganda na Rufiji, mimi mawazo yangu bado yako Mabatini.

MSTAAFU: Nimekuwa nikiliogopa swali lako, mama. Nitakujibu kama fundi. Bwawa la kukinga Mabatini lingekaa juu ya Mabatini. Kati ya tuta na watu pangekuwa na mwendo wa dakika chache wa maji. Tuta dogo kwenye mteremko mkali, juu ya watu wengi, ndilo linalonikosesha usingizi kuliko tuta kubwa la porini.

MWANAFUNZI: Kama Solai.

MSTAAFU: Kama Solai. Nakuru, Kenya, tarehe 9 Mei 2018. Bwawa la shamba, la mtu binafsi, halikuwa kubwa kwa macho ya wahandisi. Lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi, likaua watu wasiopungua 47. Na Derna, Libya, Septemba 2023: mabwawa mawili yaliyojengwa hasa kuukinga mji na mafuriko ya korongo lake. Yalipovunjika katika dhoruba moja, maji ya kukingwa yakawa ya kuua, maelfu kwa maelfu. Mji ulikuwa umejengwa hadi ndani ya korongo kwa sababu watu waliamini mabwawa yapo.

MAMA: Kwa hiyo bwawa linawafanya watu wasogee karibu.

MSTAAFU: Ndiyo. Hata tuta la mto hufanya hivyo. Mji wa Kilosa ulikingwa na tuta la Mto Mkondoa miaka mingi. Halikutunzwa inavyopaswa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 likavunjika, watu maelfu wakalala kwenye mahema, na Reli ya Kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Sisi wa Mwanza tuliionja hiyo kwa bei ya bidhaa zilizokuwa zinakuja kwa treni. Tuta lisilotunzwa linawaambia watu kuna ulinzi mahali ambapo haupo.

MAMA: Basi Mabatini ibaki hivyo hivyo?

MSTAAFU: Hapana. Mirongo unahitaji nafasi, kama mto wowote. Nafasi hiyo ingekuwa kwenye kingo zake. Mto ule umebanwa na kuta, umejazwa takataka, kalavati zake zimeziba. Ukiurudishia upana wake, ukapanda miti kule juu badala ya kuponda kokoto kila kilima, ukachimba visima vya kupokea maji ya mvua kwenye viwanja vya shule na masoko, unapata kazi ya bwawa bila kuweka ukuta wa maji juu ya vichwa vya watoto. Lakini ina maana kuna nyumba zitakazoondoka, na wenye nyumba walipwe kwa haki, wapewe mahali pa kwenda.

MAMA: Hilo la kulipwa kwa haki ulitie mbele. Mimi nilihama bila kulipwa na mtu.

Sasa niseme langu waziwazi. Sipingi mabwawa. Nchi yenye kiu ya umeme na vipindi vya ukame kama yetu haiwezi kuishi bila kuhifadhi maji, na Mstaafu ana haki kwamba Rufiji isiyo na bwawa ilizama pia. Ninachokipinga ni desturi ya kulitangaza bwawa kuwa kinga ya mafuriko siku ya uzinduzi, kisha kulificha lango lake siku ya mvua. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na kanuni za usalama wa mabwawa zilikuja baada yake. Wataalamu wanaijua. Mkulima wa Chumbi na mvuvi wa Luchelele ndio wanaopaswa kuiona ikifanya kazi mbele ya macho yao.

Na jambo hili linawezekana. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo dereva wa bodaboda wa Buhongwa anajua bei mpya hadi shilingi ya mwisho. Kwa nini kina cha ziwa kisitangazwe namna hiyo? Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria iko hapahapa Mwanza. Kipimo kinasomwa. Kiasi kinachoachiwa Jinja kinajulikana kwa wanaokiachia. Ubao mmoja kila mwalo, nambari tatu tu: kina cha leo, kina cha wiki iliyopita, kiasi kinachotoka Jinja. Mvuvi anayepima nyavu zake kwa pima na dhiraa hashindwi kusoma sentimita.

MSTAAFU: Mwandishi, nina hofu moja na hilo. Ukitangaza kila siku, watu watazoea. Kengele inayolia kila asubuhi haimwamshi mtu usiku wa hatari. Tena ukitangaza kwamba lango litafunguliwa, kisha mvua ikapungua, ukaacha kulifungua, watu watasema uliwadanganya na mara ya pili hawataondoka.

MVUVI: Mzee wangu, sisi tunasikiliza utabiri wa upepo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku. Mara nyingi upepo haufiki. Hatujaacha kusikiliza. Tunayeacha kumsikiliza ni yule anayesema mara moja kwa miaka mitano, tena baada ya maji kufika.

MWANAFUNZI: Na kwetu kuna simu kila kijiji, kuna msikiti, kuna mwenyekiti wa kitongoji mwenye kipaza sauti. Kutoka bwawani hadi vijiji vya chini maji yana mwendo wa siku, si dakika kama Solai. Siku hizo ni mali yetu. Mtu anaweza kuvuna mahindi mabichi, akahamisha mbuzi, akamtoa mgonjwa. Tukinyimwa taarifa tumenyimwa siku hizo.

MSTAAFU: Nakubali. Nitaongeza langu basi, na hili nimelibeba tangu kazini. Nambari za ubaoni zinamwambia mtu kilichokwisha kuamuliwa. Iandikwe pia kabla: ifikapo mwanzo wa masika, bwawa hili liwe na nafasi tupu ya kiasi hiki, hata kama megawati zitapungua. Iwe kanuni iliyochapishwa, isiwe hisani ya meneja wa zamu. Mimi nimekaa zamu hizo. Simu inalia kutoka Dar es Salaam ikitaka umeme. Hakuna simu inayolia kutoka kijijini.

MAMA: Na ikishapungua hiyo megawati, umeme ukakatika Mkolani, mtakuja kulalamika?

MVUVI: Mimi nitalalamika, mayu. Friji ya samaki haina subira.

MAMA: Ndiyo maana nauliza sasa, tukiwa bado tumekaa hapa. Mtu wa Rufiji alale salama, wewe upoteze samaki wa siku mbili. Unakubali au hukubali?

MVUVI: Nikielezwa mapema ni siku gani, nitanunua barafu. Nakubali.